KADCO na umiliki wa Uwanja wa KIA

Kampuni ya Kuendeleza Viwanja vya Ndege Kilimanjaro, maarufu kama KADCO, iliendesha Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) kuanzia 1998 hadi 2023. Uwanja huo uko Wilaya ya Hai, kati ya Moshi na Arusha, na ulifunguliwa Desemba 1971. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600 hivi, hivyo ndege kubwa kutoka Ulaya hutua bila kupitia Dar es Salaam. Wageni wengi wanaopanda Mlima Kilimanjaro kupitia Lango la Marangu huingilia hapo. Ndege ya jioni kutoka Amsterdam ikishatua, magari ya kampuni za utalii hupakia mifuko mirefu ya vifaa vya mlimani na kushika barabara ya Moshi usiku huohuo.

Ubinafsishaji na hisa

Uendeshaji wa KIA ulikabidhiwa KADCO kwa mkataba wa miaka 25. Mbia mkubwa alikuwa Mott MacDonald ya Uingereza, yenye asilimia 41.4 ya hisa. Mfuko wa miundombinu wa Afrika Kusini ulichukua asilimia 30, Serikali ya Tanzania 24, na Inter Consult ya Dar es Salaam 4.6. Kwa mgawanyo huo, Serikali iliyojenga uwanja ikawa mbia mdogo ndani yake.

Baadaye Serikali ilinunua hisa za wabia wengine na KADCO ikawa mali ya umma kikamilifu. Hata hivyo kampuni iliendelea kuwapo kando ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA), inayosimamia viwanja vingine vya Serikali bara. Mpangilio huo ulihojiwa kwa haki bungeni na katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwani sababu ya kuwa na waendeshaji wawili wa umma ilikwisha siku wabia walipoondoka. Mkataba ulipofikia ukomo mwaka 2023, KIA ilirejeshwa TAA.

Ukarabati

Kazi kubwa zaidi ya kipindi cha KADCO ni ukarabati uliokamilika 2017 kwa msaada wa Uholanzi. Jengo la abiria lilipanuliwa, na maegesho ya ndege na barabara za viungio zikajengwa upya.

Ardhi

Eneo la uwanja ni kilomita za mraba 110 hivi, na mipaka yake ilizua mgogoro wa muda mrefu na wakazi wa vijiji vya Hai na Arumeru.

Mashirika ya ndege

Mauzo ya hisa yaligusa pia mashirika yanayotumia KIA. Mwaka 2002 South African Airways ilinunua asilimia 49 ya Air Tanzania kwa dola milioni 20. Ubia ulivunjika 2006 na Serikali ikazirudisha hisa. Precision Air, iliyoanzishwa na Michael Shirima na kuanza kuruka 1993 kutoka Arusha kwa Piper Aztec ya viti vitano, iliuza asilimia 49 kwa Kenya Airways mwaka 2003 kwa dola milioni 2. Ubia huo ulidumu, na mwaka 2011 hisa za Precision Air ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.