Kikaragosi si tusi

Katika siasa zetu, mtu akitaka kumdhalilisha kiongozi humwita kikaragosi. Maana yake ni kwamba kiongozi huyo hana kauli yake. Anachezeshwa na mkono usioonekana. Nami nimelitumia neno hilo mara nyingi kwa maana hiyohiyo. Leo ninaona kwamba nililionea.

Karagöz ni mhusika mkuu wa michezo ya vivuli ya Waturuki. Ni mtu wa kawaida asiye na elimu, ambaye kutoka kwenye pazia huwadhihaki wasomi na wakubwa. Jina lilipofika kwetu, tuliukumbuka mkono unaomchezesha tukausahau ulimi wake.

Wazee wa Usambara wasingeidharau sanaa ya namna hii. Mwaka 1956, Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha kitabu kiitwacho African Figurines. Kilihusu sanamu ndogo za udongo zilizotumiwa katika jando na unyago, wakiwamo Wasambaa wa milima ya Lushoto na jirani zao Wazigua na Wapare. Udongo ulifinyangwa kuwa mtu, mnyama au chombo cha nyumbani. Sanamu ilikwenda na wimbo wake, na wimbo ulikuwa na fumbo. Mwali alioneshwa, akaimbiwa, kisha akafumbuliwa maana.

Ni kweli kwamba sanamu hizo hazikuwa na nyuzi wala viungo vya kuchezeshwa. Hata hivyo, kanuni ni ileile: kitu kisicho na uhai hupewa sauti ili kibebe neno ambalo kinywa cha mtu kinaona haya au hofu kulitamka. Mzazi gani humweleza mwanawe mambo ya chumbani bila kigugumizi? Udongo haukuona haya. Katika miaka ya 1990, vikundi vya vikaragosi nchini Kenya viliirudia kazi hiyo vilipozunguka vikiwafundisha watu kuhusu UKIMWI.

Baada ya haya ikaja hofu. Mwaka 2009, mchoraji katuni Gado, ambaye ni Mtanzania, alianzisha jijini Nairobi kipindi cha televisheni cha The XYZ Show. Humo, Mwai Kibaki na Raila Odinga walionekana wakiwa vikaragosi vya mpira, wakisema yale ambayo wananchi waliyanong'ona. Wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mwananchi anayemcheka rais wa mpira hukumbuka kwamba hata yule wa kweli amechongwa kwa kura.

Hapa ndipo ninapoumia. Kipaji ni cha kwetu, lakini jukwaa lilipatikana ng'ambo ya mpaka. Huku nyumbani, ninapowauliza wanafunzi wangu kuhusu vikaragosi, hucheka na kusema kwamba hayo ni mambo ya watoto. Sanamu ya udongo iliyotenganishwa na wimbo wake kweli hubaki mwanasesere tu. Unaweza kuiweka katika sanduku la kioo, lakini haitamfundisha mtu. Jamii inayopoteza wimbo hubaki na mambo yake mazito bila njia ya kuyasema, iwe ni ya chumbani au ya Ikulu.

Kwa hiyo nitalitumia neno hili kwa uangalifu zaidi. Karagöz huwasema wakubwa mbele ya hadhara. Wengi tunaowaita vikaragosi hawajawahi kuthubutu.