Gari la mbio kwa mwenye pesa kidogo
Tarehe 17 Aprili 1964 kampuni ya Ford ilizindua Mustang mjini New York, kwa bei ya kuanzia dola 2,368. Sura ilikuwa ya gari la mbio, lakini chini yake mlikuwa na vyuma vingi vya Falcon, gari la kawaida la familia. Ndiyo maana bei ilikuwa nafuu. Mwaka 1970 Toyota ikafuata njia hiyo: Celica ya milango miwili ilichangia vyuma na Carina.

Basi ndugu, ukitafuta la namna hiyo lililokwisha tumika, usidanganywe na rangi. Uliza kwanza vipuri vyake vinapatikana kwenye gari gani lingine. Tena angalia usukani: magari mengi yatokayo Japani yanao kulia, na huku Kongo kulipita lori nalo ni kubahatisha.