Askari Waliofundishwa Kungoja

Ijumaa jioni, Januari 19, 1973, vijana wanne waliingia duka la John and Al's Sporting Goods huko Brooklyn, New York, kuiba bunduki. Kabla hawajatoka, polisi walikwisha fika. Risasi zikarindima pande zote mbili, askari mmoja akauawa na wenzake wawili wakajeruhiwa. Ndani walibaki wateja na wafanyakazi, mikononi mwa vijana waliozungukwa na shehena ya silaha.

Kwa desturi ya polisi wa zama zile, hapakuwa na la kujadili. Mwenzao kauawa, mlango uvunjwe. Lakini wakuu wa polisi wa New York walikuwa na maiti za watu wengine vichwani. Septemba 1971 serikali ya jimbo lao ilivamia gereza la Attica, lililokuwa mikononi mwa wafungwa walioasi, na uvamizi huo ukaua wafungwa 29 na mateka 10. Mateka hao walipigwa risasi na waliokuja kuwaokoa. Mwaka uliofuata, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Munich, polisi wa Ujerumani Magharibi walijaribu kuwaokoa Waisraeli tisa waliotekwa. Wote tisa walikufa uwanja wa ndege, wakafanya idadi ya Waisraeli waliouawa kufika 11.

Ndipo akasikilizwa Harvey Schlossberg, askari mpelelezi aliyekuwa na shahada ya uzamivu ya saikolojia, jambo ambalo kikosini lilikuwa kioja. Hoja yake ilikuwa kwamba muda unamfanyia kazi polisi. Mtu aliyeshika mateka atasikia njaa, atachoka, atataka kwenda haja. Damu ikishapoa huanza kufikiria namna ya kutoka akiwa hai. Basi azingirwe, azungumzishwe, angojwe. Kamishna Patrick Murphy akakubali, ingawa wako askari waliouita huo woga.

Walingoja saa 47. Kusema kweli, kilichowaokoa mateka ni ngazi, wala si maneno: mwenye duka alikumbuka kwamba nyuma ya ukuta mmoja kulikuwa na ngazi iliyozibwa, wakautoboa ukuta na kupandia paani. Vijana walipojikuta hawana tena mateka, walijisalimisha. Ila ngazi hiyo isingemfaa mtu kama polisi wangevunja mlango usiku wa kwanza.

Mwaka huohuo Schlossberg na Luteni Frank Bolz wakaanza kuwafundisha wapelelezi kazi ya kuzungumza na washika mateka, na muda si mrefu FBI nao wakaanzisha mafunzo yao. Kanuni moja ya shule hiyo imedumu hadi leo: anayeongea haamui, na anayeamua haongei. Mshika mateka akidai gari, mzungumzaji hujibu kwamba ngoja akamuulize mkubwa. Yeyote aliyewahi kufuatilia faili ofisini anajua jibu hilo linavyoweza kula siku nzima.

Kasoro ni kwamba elimu hiyo ilibaki kwa vikosi maalumu. Askari wa doria, anayefika wa kwanza king'ora kikilia, alikuwa akifundishwa kinyume chake. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City, aliandika makala kuonyesha kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, kama mita sita na nusu, kwa sekunde moja na nusu hivi, muda uleule askari anaouhitaji kuchomoa bastola na kufyatua. Yalikuwa maonyo ya kukaa macho. Vyuoni yakageuka karibu amri: mwenye kisu akiwa ndani ya futi 21, piga. Kwamba askari anaweza kurudi nyuma hatua kumi, au kusimama nyuma ya gari lake, halikutiliwa mkazo.

Septemba 1987, mjini Memphis, mama mmoja aliomba msaada wa polisi kwa sababu mwanawe wa miaka 27, mgonjwa wa akili, alikuwa akijikatakata kwa kisu. Polisi walikuja, wakamwamuru akitupe, hakukitupa, wakampiga risasi akafa. Hasira ya mji ikawakutanisha polisi, vyuo vikuu na familia za wagonjwa, na mwaka 1988 kikazaliwa kikosi kilichokuja kuongozwa na Sam Cochran. Askari wa kawaida waliojitolea walipewa mafunzo ya saa 40, na sehemu ya saa hizo walikaa na wagonjwa wenyewe na jamaa zao, wakiwasikiliza. Jambo ambalo wengi hulisahau ni hospitali. Zamani askari aliyempeleka mgonjwa alisota mapokezi kwa saa nyingi, hivyo kumtia mahabusu kulikuwa rahisi zaidi. Memphis wakakubaliana na hospitali impokee mgonjwa mara moja, askari arudi kazini. Bila mlango huo, saa 40 za darasani zingemfikisha askari barabarani tu, na mgonjwa hana pa kupelekwa.

Hata hivyo, mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa polisi ya PERF ilipouliza vyombo vya polisi nchini Marekani, ilikuta askari mpya kwa kawaida anapewa saa 58 za bunduki na 8 za kutuliza mtu. Novemba mwaka huo PERF ikawapeleka makamanda wa Marekani katika chuo cha polisi cha Tulliallan, Scotland, ambako askari wengi hawabebi bunduki. Waliyoyaona huko yakaingia katika mafunzo yanayoitwa ICAT, yaliyotoka 2016: kusanya habari, pima hatari, chagua hatua, kisha pima tena, kwa sababu hatari hubadilika.

Mwezi huohuo wa Novemba 2015, mjini Camden, New Jersey, mtu mmoja alitembea barabarani akipunga kisu. Polisi walimzunguka kwa mbali wakatembea naye mtaa baada ya mtaa, wakisimamisha magari mbele yake, mpaka alipokiangusha wakamkamata. Mkuu wao, Scott Thomson, alikiri kwamba kabla ya hapo yaelekea wangemuua.

Louisville, Kentucky, ilifundisha ICAT mwaka 2019. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati waliona matukio ya polisi kutumia nguvu yakipungua kwa asilimia 28, raia waliojeruhiwa kwa asilimia 26, na askari waliojeruhiwa kwa asilimia 36.

Machi 13, 2020, saa sita usiku ikiwa imepita, wapelelezi wa jiji hilohilo walivunja mlango wa mwanamke aitwaye Breonna Taylor. Mpenzi wake, akidhani wamevamiwa, alifyatua risasi moja. Polisi wakajibu kwa 32, na Taylor akafa. Hati yao iliruhusu kuingia bila kubisha, na ilikuwa imekwisha sainiwa kabla ya yeyote kufika mlangoni. Juni mwaka huo baraza la jiji lilipiga marufuku hati za namna hiyo.