Skuli ya Matabibu Iliyokuwa Gerezani

Kabla ya mwaka 1914 tabibu wa Marekani aliyemwona mtu amenaswa na afyuni au mofini aliweza kumpa dawa ile ile kwa kipimo, akampunguzia kidogo kidogo au akamwacha nayo, kadiri ilivyomwelekeza elimu yake na dhamiri yake. Lakini ilipotungwa mwaka huo sheria ya Harrison ya kuzidhibiti dawa hizo, na Mahakama Kuu ya nchi ile ilipohukumu mwaka 1919 kwamba kumwandikia mraibu dawa ili atulie tu si utabibu, matabibu wengi walishitakiwa, baadhi yao wakatiwa gerezani, na waliosalia wakahitimu somo moja fupi, nalo ni kutomfungulia mlango mgonjwa wa namna hiyo. Vyuo navyo havikuona haja ya kufundisha maradhi ambayo mwanafunzi hataruhusiwa kuyatibu, na maarifa machache yaliyokuwapo yakatoweka katika umri wa kizazi kimoja.

Waraibu, hata hivyo, hawakutoweka. Wakajaa magerezani, hata serikali ikalazimika kutafuta pa kuwaweka. Mei 1935, nje ya mji wa Lexington katika jimbo la Kentucky, ilifungua nyumba kubwa iliyokuwa nusu hospitali na nusu gereza, yenye shamba la ekari zipatazo elfu moja, ambamo wafungwa pamoja na watu waliokuja kwa hiari zao walikama ng'ombe, walishona nguo na kupiga muziki (na wapigaji jazi waliopitia pale, Sonny Rollins akiwa mmoja wao, wangetosha kuunda bendi ya kuonewa wivu na jiji lolote). Kwa uponyaji Lexington haikujipatia sifa, kwani walio wengi, wakishatoka, waliirudia heroini bila kukawia. Kwa elimu lakini haikuwa na mwenziwe, kwa kuwa matabibu vijana waliopelekwa huko na Idara ya Afya ya Umma, wengi wao wakitimiza kwa njia hiyo utumishi wao wa kijeshi, walimwona mraibu kila siku, katika arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, na baada yake, akiwa mzima na mwenye akili zake, na wakamwona tena aliporejeshwa miezi michache baadaye. Hilo ni jambo ambalo hakuna kitabu cha zama zile kilichoweza kulifundisha.

Miongoni mwao alikuwamo Marie Nyswander, mwanamke aliyetaka kuwa mpasuaji katika jeshi la majini, akakataliwa kwa ajili ya uanauke wake, akaishia Lexington mwaka 1945. Alichokiona kilimchukiza: wagonjwa wakitendewa kama wahalifu na watu walioapa kuwatibu. Alirudi New York akafungua milango yake kwa waraibu, na mwaka 1964 akaungana na Vincent Dole wa Taasisi ya Rockefeller, ambaye baadaye alimwoa, wakaanza kuwapa wagonjwa methadoni, dawa iliyotengenezwa na Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1930. Ikimezwa mara moja kwa siku, humwondolea mgonjwa arosto na hamu bila ya kumlevya. Mwaka 1965 walitangaza habari za wagonjwa 22 tu; wapelelezi wa serikali wakawaandama, nao hawakuacha. Jerome Jaffe na Herbert Kleber, nao waliofunzwa na Lexington, wakaieneza tiba hiyo na kuifundisha, huyu wa pili katika Chuo Kikuu cha Yale, hata mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ile ile iliyowatisha matabibu ikagharamia walimu wa somo hili katika vyuo vya utabibu. Naona ule ukaidi wa matabibu hawa ulifanya kazi zaidi kuliko dawa yenyewe.

Kwetu pwani ya Afrika Mashariki heroini iliingia katika miaka ya 1980, na karibu na mwisho wa karne mateja wa Dar es Salaam wakaanza kujidunga, ukimwi ukafuata sindano. Familia ilikuwa na njia mbili: polisi, au hospitali ya vichaa. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara, Mauritius ikiwa imetangulia kisiwani kwake mwaka 2006. Kenya ikafuata kwa kliniki zake, katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 2014 na Malindi mwaka 2015. Hapo matabibu, wauguzi, wafamasia na maofisa wa ustawi wa jamii walilazimika kusoma upya wakiwa kazini: kukadiria kipimo kisichomwua mgonjwa wala kumwacha na arosto, kumshuhudia akimeza, kumpima kifua kikuu na virusi vya ukimwi, na, lililo gumu zaidi kwa wengi, kumwamkia teja kwa jina lake.

Kujifunza kazini kuliwafaa waanzilishi kwa sababu hawakuwa na budi. Wakuu wa vyuo vyetu vya utabibu na uuguzi wanayo hiari: nawaomba wampeleke kila mwanafunzi, kabla hajahitimu, akakae majuma kadhaa katika kliniki hizi, badala ya kumwachia mhadhara mmoja wa jioni.