Reli ya Voi na Malipo ya Uzeeni

Mji wa Voi ulikuzwa na reli. Mwaka 1898 watandika reli waliotoka Mombasa walikuwa wamekwisha kupita hapo na kufika Tsavo, ambako simba waliwala wengi wao. (Simba hao wameandikiwa vitabu vingi kuliko watu walioliwa.) Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Waingereza walichepua njia ya pili kutoka Voi kupitia Mwatate na Maktau kuelekea Taveta. Kazi ilianza mwaka 1915, na mwaka uliofuata njia hiyo ikaungana na reli ya Wajerumani pale Kahe, karibu na Moshi. Ilikusudiwa kubeba askari na risasi. Vita vilipokwisha ikabeba katani na abiria. Hivyo Voi ikawa njia panda ya nchi mbili.

Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na zile za Tanganyika chini ya shirika moja, lililoshika bandari pia. Sasa tumfikirie kijana mmoja wa Sagalla, wa kubuni tu, lakini wa namna iliyokuwapo hasa. Anaandikwa kazi Voi mwaka 1950; baadaye anahamishiwa Tabora, kisha Kampala, kisha anarudi Voi. Amefanya kazi katika nchi tatu, lakini mwajiri wake ni mmoja, na haki yake ya uzeeni imeandikwa katika daftari moja. Kwa wengine haki hiyo ilikuwa pensheni ya kila mwezi. Kwa wengine ilikuwa akiba ya kulipwa kwa mkupuo. Uhuru ulipokuja haukuligawa daftari hilo. Mkataba uliotiwa sahihi Kampala mwezi wa Juni 1967 uliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo reli ikabaki mali ya watu wote.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwezi wa Februari, na mpaka haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Mabehewa yalibaki pale yalipokutwa. Behewa huonekana kwa macho, nalo laweza kuhesabiwa. Lakini ahadi aliyopewa mtumishi kwamba atalishwa akizeeka, ni nani angeihesabu? Mwajiri aliyeitoa alikuwa amekufa.

Mpatanishi, Mswisi aitwaye Victor Umbricht, alichukua miaka mingi kuzipatanisha nchi hizo. Mapatano yalitiwa sahihi Arusha mwezi wa Mei 1984: katika mali iliyogawanywa Kenya ilipata sehemu 42 kwa mia, Tanzania 32, Uganda 26, na kila nchi ikabeba jukumu la kuwalipa raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya. Katika karatasi jambo lilikwisha. Huko Tanzania, hata hivyo, wazee walilazimika kwenda mahakamani, wakafikia mapatano na serikali yao mwaka 2005, na hata baada ya hapo wengi waliendelea kulalamika kwamba walichopewa si haki yao kamili. Mtu aliyekuwa na miaka 50 Jumuiya ilipovunjika alikuwa na 78 mwaka huo, ikiwa alikuwa hai.

Nchi za Ulaya zilianza kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1959, nchi sita zilizofanya Mkataba wa Roma zilifuata kanuni kwamba miaka ya kazi ya mtu katika kila nchi ijumlishwe, kisha kila nchi ilipe fungu linalolingana na miaka iliyofanyiwa kazi kwake. Hawakuunganisha mifuko yao; walikubaliana juu ya hesabu tu. Naona busara kubwa hapo, kwani hesabu ya namna hiyo haitegemei uhai wa shirika lolote.

Kwetu hesabu hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu mifuko haikufanana. Tanzania ilianzisha mfuko wake wa akiba mwaka 1964, na Kenya wake mwaka 1965. Yote miwili ililipa kwa mkupuo. Kisha Tanzania ikaugeuza wake kuwa wa pensheni kwa sheria ya mwaka 1997. Kenya ilitunga sheria ya kufanya vivyo hivyo mwaka 2013, lakini kesi ziliichelewesha, na michango mipya ikaanza kukatwa mwaka 2023. Huwezi kujumlisha miaka ya pensheni na fedha zilizokwisha kulipwa na kuliwa.

Jumuiya ilifufuliwa mwaka 2000. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, yamruhusu mfanyakazi kuvuka mpaka pamoja na haki za hifadhi ya jamii, ila kanuni zenyewe iliachia Baraza la Mawaziri lizitunge. Pale Taveta na Holili, tangu mwaka 2016, msafiri hukaguliwa katika kituo kimoja badala ya viwili. Mchuuzi wa ndizi avukaye hapo, ambaye hakuandikwa kazi na mtu yeyote, hamo katika daftari la nchi hii wala la ile.