Mwana wa Nyumba: Scott Frost na Fahari ya Nebraska

Katikati ya Marekani, katika nchi tambarare ya mahindi na ng'ombe, upo mji wa Lincoln, makao makuu ya jimbo la Nebraska. Fahari ya jimbo hilo kwa muda mrefu imekuwa timu ya Chuo Kikuu chake. Mchezo wake ni mpira wa Kimarekani, ambao mpira wake una umbo la yai na huchukuliwa kwa mikono, na watu kumi na mmoja hushindana na kumi na mmoja wenzao kuteka ardhi ya uwanja hatua kwa hatua. Tangu mwaka 1962 tikiti za kila mchezo wa Lincoln huhesabiwa kuwa zimekwisha zote. Na siku ya mchezo, uwanja huo wenye nafasi za watu zaidi ya 80,000 huwa na umati upitao wakazi wa kila mji wa jimbo, isipokuwa Omaha na Lincoln yenyewe.

Fahari hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Kutoka mwaka 1956 hadi 1961 timu ilimaliza kila msimu ikiwa imeshindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Mwaka 1962 akaja Bob Devaney kutoka Wyoming, akaifufua, na mwaka 1970 na 1971 akaipatia ubingwa wa taifa. Mwaka 1973 kiti chake kilirithiwa na msaidizi wake, Tom Osborne, mzaliwa wa Nebraska. Osborne alifundisha misimu 25, akashinda michezo 255, akapoteza 49 na kwenda sare 3. Hata hivyo, ubingwa wake wa kwanza aliupata mwaka 1994, katika msimu wake wa 22.

Misimu hiyo 22 ndiyo sehemu ya historia isahaulikayo upesi. Mwezi wa Januari 1984 timu ya Osborne, isiyokuwa imeshindwa hata mara moja katika msimu ule, ilikuwa nyuma ya Miami kwa alama 31 kwa 30, na muda uliobaki haukufika dakika moja. Teke moja jepesi lingaliweza kuleta sare, na sare yaelekea ingalitosha kuipa ubingwa. Osborne aliikataa. Aliamuru timu ijaribu kupata alama mbili; jaribio likashindwa, na taji likaenda Miami. Hakufukuzwa kwa sababu hiyo, bali aliheshimiwa zaidi. Subira ile ililipwa kwa mataji matatu, ya mwaka 1994, 1995 na 1997, kisha mzee akastaafu.

Baada yake subira ilikwisha. Mwaka 1974, 1977 na 1978 Osborne alikuwa ameshinda michezo 9 na kupoteza 3, akaachwa aendelee na kazi. Mrithi wake, Frank Solich, alipata hesabu ile ile mwaka 2003, akafukuzwa. Bo Pelini, aliyeshika kazi mwaka 2008, hakushinda chini ya michezo 9 katika msimu wowote. Naye aliondolewa mwaka 2014. Waliokuja kati yao na baada yao hawakufanya vizuri zaidi, na mwaka 2017 timu ilishinda michezo 4 tu kati ya 12.

Hapo ndipo alipoitwa mwana wa nyumba. Scott Frost alilelewa Wood River, mji mdogo wa Nebraska, na ndiye aliyeongoza mashambulizi ya timu ya mwaka 1997 iliyoshinda michezo yake yote 13. Isitoshe, alikuwa fundi wa kujenga upya. Katika Chuo Kikuu cha Central Florida aliikuta timu iliyokuwa imepoteza michezo yote 12 ya mwaka 2015. Miaka miwili baadaye ikashinda yote 13. Ni nani angalidhani kwamba mtu kama huyo atashindwa kwao?

Alishindwa. Mwaka 2018 alianza kwa vipigo sita mfululizo, jambo ambalo timu hiyo haikuwa imelijua kabla. Mwaka 2021 alishinda 3 na kupoteza 9, na hakuna hata kipigo kimoja kati ya hivyo kilichofikia tofauti ya alama 10. Timu ishindwayo kwa kidogo mara nyingi hivyo haiwezi kulalamikia bahati peke yake: mateke yaliharibika, mipira ikaponyoka, na makosa yale yale yakarudi. Hayo yalikuwa mzigo wa mwalimu.

Lakini nyumba aliyokuwa akiijenga ilikwisha kupoteza nguzo zake. Zamani chuo kiliweza kufadhili masomo ya wachezaji wengi kilivyotaka. Mwaka 1973 idadi ikawekewa mpaka wa 105, na katika miaka ya 1990 ikashuka hadi 85. Mazoezi ya kunyanyua vyuma, ambayo Nebraska iliyatilia mkazo mapema kwa kumwajiri Boyd Epley mwaka 1969, yaliigwa na vyuo vyote. Hukumu ya Mahakama Kuu kabisa ya nchi mwaka 1984 ilivunja udhibiti wa chama cha michezo ya vyuo juu ya televisheni, na timu nyingi zikaanza kuonekana kila wiki. Mwaka 2011 chuo kikahamia katika ligi nyingine, kikaacha mahasimu wake wa kale. Kwa hiyo Frost alirudi katika nyumba yenye jina lile lile, bali misingi yake haikuwa ile aliyoiacha.

Mwezi wa Agosti 2022, huko Dublin, Ayalandi, Nebraska ilikuwa mbele ya Northwestern kwa alama 28 kwa 17. Frost akaamuru teke fupi la kuvizia mpira. Mpira ukachukuliwa na wapinzani, na mchezo ukaishia 31 kwa 28. Osborne alithubutu kwa kuwa alikataa nusu ya ushindi; Frost alithubutu wakati hapakuwa na haja. Tarehe 11 Septemba alifukuzwa, kwa malipo ya dola milioni 15, ingawa kungoja hadi tarehe 1 Oktoba kungaliyapunguza kwa nusu.

Aliyemfuata, Matt Rhule, si mzaliwa wa jimbo lile. Alishinda michezo 5 mwaka 2023, na mwaka 2024 akashinda 7 na kupoteza 6. Ndio msimu wa kwanza tangu mwaka 2016 ambao ushindi ulizidi vipigo. Mwaka 2003 ushindi wa michezo 9 ulihesabiwa kuwa aibu. Mwaka 2024 ushindi wa 7 ulishangiliwa. Nebraska ilimtafuta mtu wa kuurudisha utukufu wa Osborne, nayo ilikuwa imekwisha kuitupa ile subira iliyomfanya Osborne awe Osborne.