Beni

Beni ni ngoma ya mashindano iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya, hasa Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890, kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu: tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride na vyeo. Kuiita uigaji mtupu ni kuwakosea walioianzisha. Mashairi yalikuwa ya Kiswahili, ya majigambo na kejeli, na kila chama kilikuwa na kingi wake, yaani kiongozi wake, mfuko wa kuzikana na mahasimu wa kushindana nao.

Vyama vikuu vilikuwa viwili, Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana zaidi. Askari, makarani na vibarua waliisambaza beni bara, hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mojawapo ya njia zao ilikuwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Baada ya vita, maofisa wa Kiingereza waliichunguza beni kwa hofu ya siasa.

Penye uhaba wa tarumbeta za shaba, watu walibuni. Katika mganda, ngoma ya jamii ya beni ya ukanda wa Ziwa Nyasa, mpigaji huimba ndani ya kibuyu kilichotobolewa, tundu likazibwa kwa utando wa buibui. Sauti hutoka ikinguruma kama ya tarumbeta.

Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975. Zanzibar beni bado hupigwa harusini.